Salamu Iliyobaki Wasini

Mwanasha alikitazama kile kijiti cha pamba ndani ya nailoni yake, kisha akakisukuma kwa kidole kimoja kukirudisha upande wa Sajenti Kavenya.

"Chukua kijiti chako, mwanangu. Mate yangu hayana kazi huko."

"Ni kupitisha ndani ya shavu tu, mama. Hakiumi."

"Sikusema kinauma."

Walikuwa wameketi mkekani, nyumbani kwa Mwanasha, Msambweni, Alhamisi saa tatu asubuhi. Hii ilikuwa mara ya tatu kwa Kavenya kuja na kijiti hicho. Mara mbili za kwanza alikuja na maneno laini. Leo alikuja na tarehe.

"Yule mwanamke aliyeokotwa kwenye mikoko ya Majoreni ana wiki kumi na mbili mochari," alisema. "Mahakama imetoa ruhusa ya kuzika. Gari la sampuli za DNA linaondoka kesho saa tisa alasiri. Likiondoka bila mate yako, Jumatatu atazikwa pamoja na wasio na wenyewe. Atazikwa kwa namba, mama. Na kesi ya mtu asiye na jina haiendi popote."

"Basi mtafuteni mamake. Wangu mimi ananiandikia."

Akaichukua simu iliyokuwa juu ya mto, akaifungua, akampa.

Kavenya alizijua salamu zile kwa moyo. *Shikamoo mama. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi huku. Usiache kula.* Zilikuwa kumi na tatu, moja kila Ijumaa, tangu wiki ile Twaiba, bintiye Mwanasha, mwenye miaka ishirini na minne, alipotoka kwenda Majoreni na asirudi. Zilitoka kwenye akaunti yake mwenyewe, katika mtandao wa Jirani alioujenga kwa mikono yake. Mkubwa wa Kavenya alizisoma mara moja tu, akasema msichana ametoroka, na faili akaiweka chini kabisa ya rundo.

Jirani haukuwa na kampuni moja kubwa mjini inayoshika maneno ya watu wote. Kila kijiji kilikuwa na mashine yake ndogo, kama sanduku la viatu, ndani ya chumba chake. Moja ilikuwa Msambweni, moja kisiwani Wasini, moja Shimba Hills kwa Wakamba, kwao Kavenya. Mtu akiandika Msambweni, mashine ya Msambweni huzipelekea nakala zile nyingine mbili, na kila moja hutunza nakala yake. Majoreni ingekuwa ya nne. Twaiba alikwenda huko kutazama chumba cha kuiweka.

"Mama Mbwana!" sauti ya jirani ilivuka ua. "Una chumvi?"

"Ingia jikoni uchukue!"

Mbwana alikuwa kifungua mimba wake, wa mume wa kwanza, na sasa alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Mtaa mzima ulimwita mamake kwa jina hilo.

"Ijumaa salamu inapoingia," Kavenya aliuliza, "mzee wako huwa wapi?"

"Hapa hapa, kikombe mkononi. Ikilia saa kumi na mbili na nusu asubuhi husema, haya, mwanao huyo."

"Hashiki simu?"

"Simu yake huwa chajini, ndani."

"Na hizi mbili za mwisho?"

"Zimekuja mchana, saa sita na nusu. Yeye alikuwa msikitini. Nikamsomea aliporudi."

"Unasoma mwenyewe, mama?"

"Twaiba alitufundisha, darasa la jioni, pale chumba cha kikundi cha kina mama walima mwani. Unaniona mimi si mtu wa kusoma?"

"La, mama, samahani."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Mzee Ramadhani, mumewe, alitoka na kifurushi cha kamba na sindano za kushonea makuti. Alikuwa fundi wa mapaa ya mahoteli, mikono yake imepasukapasuka kama gome. Alimpa Kavenya mkono, akakipita kile kijiti kwa macho bila kukiona.

"Mama Twaiba, natoka. Uji umebaki sufuriani, umalize."

"Nitamaliza."

Kavenya alimsindikiza kwa macho hadi langoni. Katika faili palikuwa na karatasi yenye sahihi ya mzee huyo. Wiki ya pili alikwenda mochari peke yake, akafunuliwa shuka, akaandika maneno matatu: *Si mwanangu huyu.*

Alipoinuka kuaga, Mwanasha alimshika mkono.

"Mwanao ana miezi mingapi?"

Kavenya alilitazama shati lake la kiraia. Upande wa kushoto palikuwa na doa la maji, dogo kama sarafu.

"Mitano."

"Kamnyonyeshe kwanza, mama. Maiti hawana haraka."

*

Hesbon alikuwa mshirika wa Twaiba. Ofisi yao ilikuwa Ukunda, juu ya duka la vipuri vya pikipiki: meza mbili, kompyuta mbili, na kiti kimoja kilichofunikwa leso ili kisishike vumbi.

"Madam, nilishaambia wenzako. Twaiba ako sawa. Amenikasirikia tu."

"Kwa nini?"

"Fremuweki."

"Nieleze kama unavyomweleza mamako."

Hesbon akajikuna kidevu. "Jirani tuliijenga kwa mkono, msumari kwa msumari. Siku hizi watu hawajengi hivyo. Kuna fremuweki, ni kama nyumba inakuja na milango na madirisha yamekatwa tayari, wewe unapanga tu. Mimi nikataka tuhamie. Yeye akakataa kabisa. Ati tukihamia, saa itaharibika."

"Saa gani?"

"Saa ya Kiswahili. Alikuwa ameandika kodi yake mwenyewe ya kompyuta. Ukitaka salamu itoke kesho kumi na mbili na nusu asubuhi, unaandika 12:30 kwa fomu, unachagua asubuhi, imeisha. Wamama wa mwani wangechanganyikiwa na ile ya kompyuta. Fremuweki mpya haina hiyo kitu. Ukiandika 12:30, ni mchana."

"Na wewe ukahamia."

"Wiki mbili zimepita. Jumatatu. Nilingoja arudi, Madam. Hakurudi. Ile ya zamani ilikuwa inaanguka kila siku."

"Na kumbukumbu za nani aliingia lini?"

Hesbon akageukia kompyuta yake. "Zilikuwa kwa nyumba ya zamani. Na nyumba ya zamani nilibomoa."

"Katikati ya uchunguzi wa polisi."

"Sikujua ni ushahidi! Nani alinitafuta? Ofisa mmoja alikuja, akaniuliza kama tulikuwa wapenzi, akakunywa soda yangu, akaenda!"

Kavenya alisukuma daftari lake mbele ya Hesbon. "Niandikie hapo, kwa namba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Haraka."

Hesbon aliandika 6:30, akainua kichwa. "Nini?"

"Twaiba angeandika nini kwenye fomu mpya?"

"Hivyo hivyo. Yeye ndiye alinionyesha tofauti. Hawezi..." Kalamu ilisimama hewani. Alihesabu kwa midomo: wiki kumi na moja alfajiri, fomu ikabadilika, wiki mbili mchana. "Huyu aliandika 12:30. Kama vile darasani."

"Mtu aliyejua fomu ya Twaiba tu, asiyejua nyingine. Na salamu inaweza kuandikwa leo ikatoka kesho?"

"Eeh. Unaipanga tu."

"Basi aliyekuwa anakunywa chai ilipolia, naye anaingia kwenye orodha ya washukiwa," Kavenya alisema, akifunga daftari. "Na aliyekuwa msikitini."

Hesbon hakumsikia. Alikuwa amekaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, mgongo ukiegemea meza.

"Kwa hivyo si yeye."

"Si yeye."

"Mimi nimemwandikia pole, Madam. Mara nne. Nikasema, kama ana nguvu ya kusalimia mamake, siku moja atanijibu."

Kavenya alikaa sakafuni karibu naye. Kisha akauliza: "Palipo na nakala za zamani ni wapi?"

"Wasini." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Mashine ya Wasini sijaigusa. Mzee Chande alikataa. Alisema aliiweka Twaiba, ataitoa Twaiba."

*

Chande aliwahi kuwapeleka wageni kuwaona pomboo, hadi magoti yalipomkataa. Sasa alitunza stoo ya kikundi cha akina mama wa kisiwani, na ndani ya stoo, juu ya rafu, katikati ya maboksi ya sabuni ya mwani, taa moja ya kijani ilikuwa ikipepesa.

"Karibu, bi askari. Huyo ndiye mgeni wetu. Hali, hanywi, anataka umeme tu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kumzima?"

"Nimekuja kumsikiliza."

Chande alipenda jibu hilo. Alifuta miwani kwa ncha ya shuka lake, akaiwasha kompyuta ya mapajani. Alikuwa polepole, lakini hakukosea mahali. Alizifungua salamu za Twaiba za tangu alipopotea, kuanzia ya juu, na Kavenya akawa anazinakili moja baada ya moja. Mashine iliandika kila salamu imetungwa lini na imetoka lini. Zote, ila moja ya Ijumaa ya kwanza, zilitungwa Alhamisi, baina ya Magharibi na Isha. Zote zilitoka Ijumaa.

Kavenya alihesabu. Akahesabu tena.

"Mzee, hizi ni kumi na nne. Msambweni ziko kumi na tatu."

"Mimi sijaongeza kitu."

"Mbili zimetoka Ijumaa ile ya kwanza. Hii ya saa kumi na mbili na nusu kule haipo."

Chande alikisogelea kioo. "Ah. Hiyo imefutwa kule. Mtu akifuta, mashine yake hutuma agizo kwa sisi wengine: nanyi futeni. Basi siye hatukulipata."

"Kwa nini?"

"Betri." Alionyesha betri ya gari chini ya rafu. "Ni moja. Siku sita ni ya huyu, Ijumaa ni ya kipaza sauti cha msikiti. Ijumaa nakuja hapa alfajiri, nasubiri salamu ya Twaiba kwa mamake iingie, ndipo nachomoa."

"Unaisubiri?"

"Kila Ijumaa, hata kabla hajapotea. Mimi sina binti." Aliyasema akiwa bado anatazama kioo. "Ikaingia, nikachomoa. Agizo la kufuta likaja halikumkuta mtu. Salamu mpya hurudia hodi hadi ipokelewe; agizo la kufuta Twaiba alilifundisha kubisha mara moja tu, lisisumbue watu."

"Nifungulie hiyo."

Ilikuwa fupi kuliko nyingine zote. Haikuanza na shikamoo.

*Mama Twaiba usilie. Mimi ni mzima. Kula.*

"Maskini," Chande alisema. "Alikuwa na haraka. Akafuta, akaandika nyingine yenye adabu."

Kavenya aliisoma mara mbili. Aliyaandika maneno yale kwenye daftari, akapiga mstari chini ya mawili ya mwanzo.

"Mzee Chande, wewe ukimwita mamake Twaiba, unamwitaje?"

"Mama Mbwana. Sote. Mbwana ndiye mkubwa wake."

"Yuko anayemwita Mama Twaiba?"

Chande alifungua mdomo amjibu. Kisha akavua miwani na kuishika mkononi, akaikunja polepole, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Yuko," alisema. "Mbwana si wake. Twaiba ndiye wake."

*

Ijumaa saa nne asubuhi Kavenya alimkuta Ramadhani huko Diani, nyuma ya hoteli moja inayoezekwa upya. Wenzake walikuwa juu ya paa. Yeye alikuwa chini, amekalia gogo, akishona makuti.

Kavenya alichuchumaa, akaliweka daftari juu ya makuti, palipo na maneno yale saba.

Ramadhani aliyasoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Kidole kilipofika mwisho kilibaki pale.

"Niliifuta hii."

"Wasini haikufutika."

"Niliifuta upesi. Nilipoisikia ikilia nikakumbuka, hajaanza na shikamoo. Nikaingia ndani nikaifuta."

"Akaunti yake uliingiaje, mzee?"

"Simu yake ya zamani alinipa mimi, nijifunzie. Akasema, baba, ukikosea haidhuru, ni jina langu litakaloaibika." Alijaribu kucheka. "Wiki ile mke wangu hakutia kitu mdomoni siku tatu. Presha yake unaijua? Daktari aliniambia, mzee, huyu atakutoka. Ikabidi. Ilipoingia ile ya pili, akanywa uji. Kikombe kizima. Wewe ungefanya nini?"

"Ya kwanza naielewa. Hizi kumi na mbili nyingine?"

"Nikiacha, atauliza mbona Twaiba haandiki."

Kavenya alirudisha daftari mfukoni. Swali lililobaki ndilo lililomleta, na aliliuliza kwa sauti ile ile.

"Wiki ya pili ulikwenda mochari. Uliandika si mwanao."

Ramadhani alishika sindano, akaichoma kwenye kuti, akaivuta. Akashona mshono mmoja, wa pili. Kule juu mtu aliimba kipande cha taarabu, wenzake wakamzomea.

"Alipokuwa na miaka saba," alisema, "alikuwa akija kunisaidia. Mjuaji. Sindano hii hii ikamwingia hapa, kwenye kiganja, ikatokea upande wa pili. Alama yake kama nyota."

Kavenya alikitazama kiganja alichoonyesha.

"Uso ulikuwa haupo, bi askari. Nikasema, alhamdulillahi, si yeye, nani atasema ni yeye. Kisha wakanionyesha mkono."

"Ukaandika si mwanao."

"Kalamu walinipa wao. Mkono ulikuwa wangu." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nimemwacha mwanangu kwenye barafu wiki kumi na mbili, mamake anywe uji. Nifungie pingu. Usinipeleke nyumbani tu."

"Sina pingu, mzee. Na gari la sampuli linaondoka saa tisa. Nikikuandika wewe, wakubwa wangu watasema ulikana jana, unakubali leo, hatukuamini. Nataka mate ya mamake; maombi ya maabara yana jina lake. Na hawezi kuyatoa huku wewe unamwandikia kwamba yu hai."

"Atakufa."

"Labda. Lakini aliyekufa tayari ana haki ya jina lake. Na walioko Majoreni wana maswali ya kujibu, na bila jina siwezi kuuliza hata moja."

Ramadhani alichomeka sindano ndani ya kuti, vile mtu anavyoacha kazi atakayoirudia. Akainuka.

*

Walifika Msambweni saa sita na robo. Mwanasha alikuwa mkekani pale pale, simu juu ya mto. Aliwaona wote wawili pamoja, akamtazama mumewe miguuni.

"Leo huendi msikitini?"

"Mama Twaiba," Ramadhani alianza. Hakufika mbali.

"Keti," Mwanasha alimwambia. "Utaanguka." Kisha kwa Kavenya: "Umemleta aseme, au utasema wewe?"

"Aseme nini, mama?"

"Kwamba anaandika yeye."

Jirani alikuwa akitwanga kitu, kinu kikasimama, kikaendelea.

"Ile ya kwanza niliiona," Mwanasha alisema. "Kabla hajaifuta. Twaiba alinifundisha, ikilia, soma hapo hapo. Nikasoma. Mama Twaiba usilie. Duniani humu mtu mmoja ndiye anayeniita hivyo." Alimgeukia mumewe. "Nikatoka uani nikalia huko, usinione. Niliporudi, nikaona umeandika nyingine, umekaa unanitazama kama nitameza. Nikameza."

"Ulijua," Ramadhani alisema.

"Na wewe ulikuwa huli, unadhani sikuona? Nilipokunywa mimi, ukanywa na wewe. Nikasema, haya, ikiwa hivi ndivyo atakavyoishi, nitakunywa."

"Na kijiti?" Kavenya aliuliza. "Mara tatu, mama."

"Ningekubali vipi? Ningekitia mdomoni, huyu angejua sina tumaini. Angeacha kuandika. Akiacha kuandika, atafanya nini Alhamisi usiku?"

Ramadhani alifunika uso kwa mikono yake miwili. Mwanasha hakumshika. Alivuta tu upande wa mkeka uliokunjika, akaunyoosha mpaka ukamfikia.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Alama ya sindano," Ramadhani alisema ndani ya viganja. "Mkono wa kushoto."

Mwanasha alitikisa kichwa kuafiki, taratibu, mara nyingi.

Kavenya alivaa glavu. Aliiweka bahasha juu ya goti, akaandika tarehe, jina la mtoaji, na saa. Aliitazama saa yake ya mkononi kwa uhakika. Alipasua nailoni, akakitoa kijiti bila kugusa pamba.

Simu ililia juu ya mto.

Ramadhani alishtuka, akanyoosha mkono. "Niliipanga jana. Mama Twaiba, usiisome. Niliiandika jana."

Lakini Mwanasha alikuwa ameshaichukua. Aliisogeza mbali kidogo na uso, kama walivyofundishwa, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kuruka hata moja.

"Shikamoo mama. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi huku. Usiache kula."

Akaiweka mapajani, kioo juu.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Kisha akamgeukia Kavenya, akafungua kinywa.